Nani Apaswa Kumhukumu Mwenye Shoka?

Twaishi katika nchi ya miti. Kandokando ya Butembo vilima vimevaa mikaratusi. Shukeni kuelekea Beni, mtaukuta msitu mkubwa wa asili, ambao mbao zake hupita Kasindi kwenda Uganda na Kenya. Makaa ya kupikia, nguzo za nyumba, madawati ya shule, hata majeneza yetu, vyote vyaanza na mtu mmoja aliyesimama mbele ya mti. Si ajabu basi kama watu wetu hupenda kubishana juu ya shoka. Vijana hutazama katika simu zao picha za wakata miti wa Ulaya na Marekani, kisha humcheka mzee anayetumia shoka la mhunzi. Wazee nao husema kwamba aliyejifunza kwa simu hajui kitu. Huyu adai mpini mwema ni huu, yule adai ni ule.

Swali letu leo si nani kati yao ameshinda. Swali ni hili: mtu anayetaka kuhukumu ujuzi wa mwenzake, yampasa awe na nini? Wengine watasema hilo ni jambo dogo. Sisi twasema ni jambo la uhai na mauti, na tutaonyesha kwa nini.

Kwanza tuitazame kazi yenyewe. Mpini mwema hutoka katika mti ulionyooka, usio na fundo, na nyuzi zake hufuata urefu wa mpini toka kichwani mpaka mkononi. Nyuzi zikikatisha, mpini utavunjika, hata kama umesuguliwa ukang'aa. Tena mti uwe umekauka, kwa maana mpini uliotiwa ungali mbichi husinyaa na chuma hulegea. Wako wanaoloweka shoka majini ili likaze. Kweli hukaza kwa asubuhi moja, lakini likikauka tena hulegea kuliko kwanza. Katika shoka la dukani mti waingia ndani ya tundu la chuma, nao hukazwa kwa kabari. Katika shoka la wahenga wetu ulimi wa chuma wapita ndani ya kichwa kinene cha mpini, hata kila pigo lazidi kuukaza. Njia ni mbili, akili ni moja. Mtu anayecheka njia ya wenzake kwa sababu si yake, pengine hajaielewa hata ile yake mwenyewe.

Na ukataji je? Mjuzi hatangulii kupiga. Kwanza huangalia mti umeinama wapi, upepo watoka wapi, kama kuna tawi lililokufa juu ya kichwa chake, na yeye atakimbilia wapi. Kisha hukata kinywa upande ambao mti utaangukia, ndipo huzunguka nyuma. Katikati huacha ukanda wa mti usiokatwa, unaofanya kazi kama bawaba ya mlango, ili mti ushuke kwa njia yake. Kwa mkaratusi huongeza uangalifu, kwa kuwa mti huu umejaa mvutano ndani yake na waweza kupasuka kwa ghafula. Hata baada ya mti kuanguka kazi haijatimia. Mkaratusi huchipua tena. Aliyekata chini, kwa mkato laini ulioinama kidogo ili maji yasituame, atavuna mara ya pili katika kisiki kilekile. Aliyerarua ganda amejipunguzia mavuno. Kisiki hakisemi siku ile. Hungoja mvua, ndipo hutoa ushahidi.

Basi ujuzi una alama zake, nazo zaonekana. Lakini methali yasema: mchagua jembe si mkulima. Je, methali hii yatukataza kuchunguza mpini? Hapana. Yamkemea mvivu anayetafuta kisingizio katika chombo. Haimkemei mtu anayekagua shoka asije akamwua jirani yake.

Jambo hilo la kumwua jirani limeandikwa katika Maandiko Matakatifu. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 19, chasimulia habari ya mtu aliyekwenda msituni pamoja na mwenzake kukata kuni, chuma kikachomoka katika mpini, kikampiga mwenzake akafa. Torati yaamuru mtu huyo apewe mji wa kukimbilia, kwa kuwa hakuwa na chuki. Na kwa nini mji huo uwe karibu? Ili mlipiza kisasi asimkamate njiani huku moyo wake ungali unawaka. Tazameni, ndugu wasomaji: Mungu aliweka umbali kati ya hasira na hukumu. Alijua kwamba moyo unaowaka hauulizi habari za mpini. Wauona mfu tu, wataka mwingine.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyeandika katika karne ya 13, alifundisha kwamba hukumu njema yahitaji mambo matatu. La kwanza, itoke katika moyo wa haki. La pili, mwenye kuhukumu awe na mamlaka juu ya jambo hilo. La tatu, awe na hakika, asihukumu kwa kudhani. Likikosekana la kwanza, hukumu ni udhalimu. Likikosekana la pili, ni unyang'anyi. Likikosekana la tatu, ni shuku tu iliyovaa nguo za hukumu.

Mwalimu huyohuyo alisema kwamba watu huweza kuhukumu sawasawa kwa njia mbili. Mmoja huhukumu kwa sababu amesoma. Mwingine kwa sababu fadhila imekaa ndani yake. Tomaso alinena habari za fadhila, lakini mfano wake wafaa hapa pia. Yule mzee hawezi kueleza kwa nini mti utaanguka kushoto, lakini mikono yake yajua. Kijana aweza kueleza, lakini mikono yake bado. Hakuna kati yao aliye na haki ya kumdharau mwenzake. Picha ya simu yaweza kufundisha kweli, na kweli haiachi kuwa kweli kwa sababu imetoka mbali. Ila tukumbuke kwamba picha yaonyesha mti ule ambao mwenye picha alipenda tuuone. Haionyeshi miti iliyomshinda, wala haijui mteremko wa shamba letu.

Hapo mtu ataleta shaka: Na sisi tusiojua kushika shoka, je, tusihukumu kamwe? Mjane ana mti mkubwa karibu na nyumba yake, nao umeanza kuoza. Yambidi amchague mtu wa kuukata. Atafanyaje? Hawezi kupima ufundi wenyewe, lakini aweza kumpima mtu. Je, huyu aangalia kabla ya kukata? Je, awaondoa watoto? Akiulizwa sababu, ajibu kwa upole au akasirika? Majirani aliowakatia miti wasemaje? Je, ayakiri mambo asiyoyajua? Mjane akiuliza hayo amehukumu kwa haki, kadiri ya nuru aliyo nayo. Lakini akimkataa kwa sababu ya kabila lake, au kwa sababu ya neno lililosikiwa sokoni, amemkosea mtu, tena ameiweka nyumba yake hatarini.

Sasa tuseme wazi kwa nini tumeandika haya. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba ugonjwa wa Ebola umezuka Mangina, karibu na Beni. Mpaka ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu zaidi ya 2,200 walikuwa wamekufa. Katika miezi ile kila mtu alikuwa mwamuzi. Sauti zilipita toka simu hadi simu zikisema kwamba waganga ni waongo, kwamba ugonjwa umetungwa, kwamba chanjo ni sumu. Mwezi wa Februari 2019 vituo vya kutibia wagonjwa huko Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili 2019 mganga Richard Mouzoko, mtu wa Kameruni aliyekuja kutusaidia, aliuawa kwa risasi katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Graben hapa Butembo.

Hatusemi kwamba watu waliogopa bure. Tomaso asema kwamba shuku hutoka pia katika mazoea ya siku nyingi, na watu wetu walikuwa nayo. Tangu Oktoba 2014 watu waliuawa vijijini karibu na Beni kwa mapanga na mashoka, nao waliona msaada wachelewa. Kisha uchaguzi wa Desemba 2018 uliahirishwa Beni na Butembo kwa sababu ya Ebola na usalama, hata rais akaapishwa kabla hatujapiga kura. Mtu aliyedanganywa mara nyingi hukawia kusadiki. Hilo twalielewa. Lakini kukawia kusadiki ni jambo moja, na kutoa hukumu ni jambo jingine. Mwenye shaka aweza kuuliza, kungoja, kutazama kama waliochanjwa wanaishi. Aliyekwisha hukumu haoni haja ya kutazama tena.

Basi, ndugu wasomaji, tushike mambo haya. Tusihukumu kazi ambayo hatujaitazama. Tukiitazama, tutafute alama zake, si sifa za mwenyewe wala makosa ya kabila lake. Neno likitujia kwa simu tulipime kama mpini: tuangalie nyuzi zake zaelekea wapi, tusidanganywe na mng'aro wake. Tukiwa na mashaka juu ya mtu, tulichukue jambo lake kwa upande ulio mwema, maana ni heri kudanganyika mara nyingi kwa kumdhania mtu mema kuliko kumdhulumu hata mmoja. Lakini kama uhai wa watu u hatarini, tuchukue tahadhari pia, kama mjane anayewaondoa watoto kabla mti haujaanguka. Tahadhari si hukumu.

Na mwenye shoka naye asijivune. Nabii Isaya aliuliza kama shoka laweza kujisifu mbele ya yule anayelitumia. Ujuzi wetu, wa mikono au wa vitabu, tumepewa. Mtakatifu Yosefu, ambaye Papa Pio XII alimwekea sikukuu ya Mfanyakazi mwaka 1955, hatuna neno lake hata moja katika Injili. Twajua tu kwamba alikuwa seremala, tena mtu wa haki. Alipokuwa na sababu ya kumshuku Maria, hakumtangaza. Alikaa kimya, akalala, na Mungu akamweleza.