Mzimu wa Jebel Kujur na Deni la Ulimi



Ndugu msomaji, ukitazama upande wa magharibi wa mji wetu wa Juba utauona mlima wa Jebel Kujur. Jebel ni mlima. Kujur, kwa Kiarabu cha Juba, ni mganga wa mambo ya mizimu. Kwa jina kama hilo, hadithi hazikosekani. Tuliyosimuliana bwenini ni hii: kabla hakujapambazuka, kwenye vichaka vya chini ya mlima, huonekana taa na husikika kitu kikigonga, na anayegonga ni mwanamke mweupe mwili mzima. Mimi sikuwahi kumwona. Lakini niliisimulia kana kwamba nimemwona, nikaongeza na kwato.

Likizo iliyopita wenzangu wawili walinibana: kama ni kweli, twende. Tulisali Alfajiri, tukasoma Ayatul Kursiy, tukaondoka giza halijaisha. Taa tuliiona. Mgongo ule tuliusikia. Tuliposogea tukamkuta bibi mmoja, tochi kaifunga kichwani kwa kitambaa, anaponda kokoto kwa nyundo. Vumbi la mawe lilikuwa limemfunika toka utosini hadi miguuni. Wako wengi pale wanaoishi kwa kuponda kokoto za kuwauzia wajenzi. Yeye huanza mapema kulikimbia jua.

Tulipomsalimu alishtuka, akainua mkono kukinga uso. Alidhani tumekuja kumpiga mawe. Vijana walishampiga mara mbili, wakimwita shetani. Mjukuu wake aliyekuwa akimsaidia kubeba karai amekatazwa kuja.

Njia nzima ya kurudi sikusema neno. Mwenzangu mmoja alicheka: "Basi mambo ya majini ni uongo mtupu." Hapana. Tulichothibitisha ni kimoja tu: taa ile, asubuhi ile, ni ya bibi yule. Majini tunawaamini kwa kuwa Mwenyezi Mungu ametuambia wapo, na sura nzima ya Qur'ani imeitwa kwa jina lao. Ila kuamini kwamba wapo hakunipi ruhusa ya kusema kwamba huyu ni mmoja wao. Ghaibu ni elimu ya Allah. Basi anayeiamini ndiye apaswaye kuwa mzito zaidi kuisemea.

Mkumbuke Mtume wetu (s.a.w.). Mwaka wa 10 Hijria alifiwa na mwanawe mdogo, Ibrahim, na siku hiyo jua likapatwa. Watu wakasema jua limepatwa kwa msiba ule. Uvumi huo ulimtukuza yeye na mwanawe, na angeweza kunyamaza tu. Hakunyamaza. Aliwafundisha kwamba jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu. Kama yeye alikataa uvumi uliompendelea, akiwa katika huzuni, mimi nina udhuru gani wa kueneza uvumi kwa ajili ya kicheko?

Utasema: ni mzaha, hukumtaja mtu. Ni kweli, sikumtaja. Lakini hadithi isiyo na jina hutafuta uso wa kujibandika, na uso inaoupata gizani ni wa maskini, kwani ndiye aliyelazimika kutoka saa hizo. Aya ya 6 ya Surat al-Hujurat inatuonya tuhakikishe habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga, kisha tukajuta. Majuto hayo sasa nayajua. Sijui kama waliorusha mawe waliisikia hadithi kutoka kwangu. Sijui pia kama hawakuisikia.

Nimerudi kwa wale niliowasimulia, mmoja mmoja, kuwaambia nilisema uongo. Wengine wamesikiliza. Wengine wameniambia ile ya kwanza ilikuwa tamu zaidi. Kwa bibi nilikwenda kuomba radhi. Aliniangalia, akanipa nyundo, tukaponda hadi jua likawa kali.

Mwenyezi Mungu azihifadhi ndimi zetu. Amin.