Aseme Neno Tu

Katika Luka sura ya 7, akida asiye Myahudi pale Kapernaumu ana mtumishi mahututi. Anatuma wazee wa Kiyahudi wamwite Yesu. Yesu anapokaribia, akida anatuma rafiki wamzuie: aseme neno tu, yatosha. Sababu yake ni ya kiaskari. Yeye ana wakubwa juu yake na askari chini yake, anajua amri hutekelezwa hata mkubwa asipokuwepo. (Mathayo anasema akida alikwenda mwenyewe.) Kwa Luka, yeye na Yesu hawakuonana kabisa. Sisi tungetaka Bwana aingie hadi chumbani, tumwone!

Lakini neno lake latosha hata tusipomwona. Basi wewe mwenye mgonjwa wodini, ukishaomba asubuhi hii, mpelekee uji, umsikilize daktari. Kumwamini Bwana hakujawahi kukataza dawa.