Kabla ya Kutweka Tanga

Saa hizi pwani ya Bagamoyo umande ungali unavuma kutoka bara, na nahodha wa ngalawa amesimama maji ya magoti, tanga likiwa bado limekunjwa kwenye foromali. Ameshika henza, kamba ya kutwekea. Anaipitisha kiganjani polepole, macho yako kwingine kabisa, mpaka kidole kinakwama penye nyuzi zilizochakaa. Anakata, anaunga upya, ananing'inia kwa uzito wake wote. Wenzake wanamtania; hajali.

Ana sababu. Ngalawa haina nyaya za kuushikilia mlingoti. Henza hiyohiyo, ikishafungwa upande wa goshi, kule unakotoka upepo, ndiyo inayouegemeza. Ikikatika baharini, foromali na tanga vinaporomoka, na mlingoti huenda ukafuata.

Mirengu, miti ya ubavuni mwa ngalawa, anaitikisa mara moja tu, inatosha. Demani, kamba ya kukazia tanga, anailegeza ili tanga lisije likashika upepo watu hawajapanda. Sisi tunaotoka nyumbani mbio na simu isiyo na chaji tungemwona mtu huyu anachelewesha safari. Mimi ningepanda chombo chake, si cha wale wanaomcheka. Upo wa kutekea maji uko wapi? Anaukagua huo pia, ndipo anawaita vijana waje kusukuma.