Saa za Kungoja

Korokoroni alindaye ghala usiku kucha hulipwa ujira wake hata kama mwizi hakuja. Hapana tajiri mwenye akili awezaye kumwambia asubuhi kuwa hakufanya kazi kwa sababu hakuna aliyekamatwa. Utulivu wa usiku ndio kazi yenyewe. Jambo hili ni wazi kwa korokoroni, maana amesimama mlangoni na rungu lake, na kila apitaye humwona. Lakini yuko mngojaji wa namna nyingine, ambaye haonekani akingoja: amejinyoosha kitandani, amevua viatu, na simu iko karibu na sikio lake. Je, saa zake ni za nani?

Nchini Marekani swali hili huwakabili kila siku marubani wa mashirika madogo ya ndege, yale yachukuayo abiria kutoka miji ya pembeni na kuwafikisha katika viwanja vikuu, mara nyingi kwa jina na rangi za shirika kubwa. Humo ratiba ya mwezi hugawanywa kwa kufuata utangulizi kazini. Aliyeajiriwa kwanza huchagua kwanza. Aliyeajiriwa jana huokota makombo, na makombo hayo aghalabu ni zamu ya akiba. Rubani wa akiba hana safari iliyoandikwa kwa jina lake. Ana siku na saa ambazo ni lazima apatikane, ili mwenziwe akiugua, au theluji ikivuruga safari, aitwe na kufika kiwanjani upesi. Huahidiwa malipo ya saa kadha kwa mwezi, aruke asiruke. Basi si kweli kwamba hungoja bure. Walakini hawezi kwenda mbali. Hathubutu kugusa pombe, kwa kuwa sheria yakataza kurusha ndege kabla ya saa 8 kupita tangu tone la mwisho. Wala hawezi kumwahidi mtoto wake kuwa jioni watatembea pamoja. Mwili wake u huru, lakini ahadi yake si yake.

Yafaa kuongeza kuwa kitanda hicho, mara nyingi, si cha nyumbani kwake. Marubani wengi huishi mbali na kituo chao cha kazi, na wachache hukodi chumba pamoja karibu na kiwanja, vitanda vimepangwa kama bwenini. Mtu aweza kusema kuwa wamejitakia, maana hakuna aliyewakataza kuhamia mjini. Hoja hii ina nguvu, lakini nguvu yake yapungua ukikumbuka kuwa kituo hupatikana kwa utangulizi uleule, kuwa shirika laweza kukifunga, na kuwa mshahara wa mwanzo kwa miaka mingi haukutosha kupanga nyumba katika miji mikubwa. Hiari ya namna hii ni hiari, ila imekonda.

Tarehe 12 Februari 2009 ndege ya Colgan Air, iliyokuwa ikitoka Newark kwenda Buffalo, iliangukia nyumba katika kitongoji cha Clarence Center. Watu 50 walikufa. Wachunguzi waliamua kuwa sababu ni nahodha kuitikia visivyo onyo kwamba ndege inakaribia kupoteza uwezo wa kuelea. Hawakusema kuwa uchovu ndio ulioiangusha. Walisema yaelekea uliwapunguzia marubani uwezo, kwa kiasi kisichoweza kupimwa kwa hakika. Hata hivyo habari za usiku uliotangulia ziliwashtua watu. Rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle, ng'ambo ya pili ya bara, kwa ndege za mizigo, ili awahi kazini; na nahodha alikuwa ameupitisha usiku katika chumba cha wafanyakazi kiwanjani.

Mwaka 2010 Bunge la Marekani liliagiza kanuni mpya za uchovu, nazo zikaanza kutumika tarehe 4 Januari 2014. Kanuni hizo zilimpa rubani mapumziko ya saa 10 kabla ya kazi, zikiwamo saa 8 za nafasi ya kulala bila kusumbuliwa. Zamu ya akiba ya kuitwa upesi isizidi saa 14. Zaidi ya hayo, saa za kungoja na saa za kazi zikijumlishwa, zihesabiwe tangu mwanzo wa kungoja na zisipite 16. Basi aliyeanza kungoja saa kumi na mbili asubuhi, akaitwa saa tisa mchana, haruhusiwi kuendelea kupita saa nne usiku. Hapa sheria imekiri jambo kubwa, pengine bila kukusudia: kwamba kungoja hula nguvu za mtu, hata akingoja chali.

Lakini sheria haiwezi kuamuru usingizi. Huweza kutoa nafasi yake tu, kama vile mpishi aandaavyo chakula asiweze kumtia mtu njaa. Kwa hiyo kanuni zilezile zimemtwika rubani dhima ya kukiri kuwa amechoka, na zimekataza shirika kumrusha akisha kukiri. Hii ni haki iliyo nzito kuitumia. Mgeni kazini, ambaye juzi tu alipata sare, atapiga simu aseme hakulala, ilhali alipewa saa zote za kulala? Huona haya, huogopa kudhaniwa mvivu. Usingizi wake umekuwa amana ya watu wasiomjua, na hakuna shahidi wa usingizi ila mwenyewe.

Marubani wa ndege za mizigo hawakuwekwa chini ya kanuni hizo. Serikali ilipima gharama na faida, ikaona gharama imezidi mno, kwani makasha hayana roho za kuhesabiwa. Katika wale 50 wa Clarence Center, 49 walikuwa abiria na watumishi wa ndege. Wa hamsini hakuwa na tiketi; alikuwa nyumbani kwake.