Kiwanja Tengeru, Majirani Kaloleni

Mji wa kwanza kutajwa katika Biblia ulijengwa na muuaji. Kaini alipokwisha kumuua ndugu yake alikwenda zake, akajenga mji na kuupa jina la mwanawe, Henoko. Msomaji akiishia hapo ataamini kwamba mcha Mungu makazi yake ni shambani. Lakini kitabu hichohicho kinachoanzia bustanini kinamalizikia mjini, Yerusalemu Mpya yenye malango kumi na mawili. Waislamu nao huhesabu miaka yao tangu Mtume alipohamia Yathrib, mwaka 622, na ni katika mji huo umma ulipojengeka, pamoja na msikiti, soko na mapatano ya kuishi na watu wa dini nyingine. Anayetafuta aya ya kumwelekeza akae wapi, atazipata za pande zote mbili.

Arusha, swali hili humfika mtu akiwa mbele ya dalali. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 416,442 katika Jiji la Arusha. Ile ya 2022 ikakuta zaidi ya 617,000. Kati ya sensa hizo mbili barabara ya Sakina hadi Tengeru, kilomita 14.1, ilipanuliwa ikawa ya njia nne, na mchepuo wa kilomita 42.4 ukachongwa kulizunguka jiji. Tengeru, ambako watu wa mjini walizoea kwenda kwa ajili ya soko la Jumatano na Jumamosi, sasa wapo wanaokwenda kulala. Ndivyo ilivyo pia Usa River, Ngaramtoni na Kisongo. Mtumishi mwenye ofisi karibu na Mnara wa Saa ana njia mbili: apange Kaloleni au Levolosi aende kazini kwa miguu, au ajenge nje ya mji, afungue dirisha asubuhi na kuutazama Mlima Meru wote, mita 4,566, bila paa la mtu mbele yake.

Hesabu ya nauli na kodi kila mtu anaijua. Hesabu ngumu ni ya majirani.

Katika nyumba ya kupanga ya Ngarenaro au Unga Limited vyumba vinatazamana, bomba ni moja, na redio ya mmoja ni ya wote. Mama mwenye nyumba anajua nani kalipa na nani kajificha. Faragha ni haba, na umbeya hauna likizo. Ila mtoto akipandwa na homa saa nane za usiku, mlango wa kugongwa uko hatua tatu. Mpangaji wa hapo hakuwachagua watu hao, aliwakuta. Na ni jirani wa kukutwa ambaye dini zote mbili kubwa za Arusha zinamzungumzia. Yesu alipoulizwa jirani ni nani, alijibu kwa kisa cha Msamaria aliyemkuta barabarani mtu asiyemjua. Waislamu wanasimuliwa kwamba Jibril alimuusia Mtume juu ya jirani mara nyingi hata Mtume akadhani jirani atapewa fungu katika mirathi. Hakuna sharti kwamba jirani huyo awe mtulivu, msomi au mwenye gari.

Anayenunua kiwanja pembezoni hununua pia umbali. Ukuta, geti na mbwa vinampa uwezo wa kuamua nani amfikie na saa ngapi. Si dhambi, aliyekaa miaka uswahilini ana haki ya kuchoka. Hata hivyo umbali una gharama isiyoandikwa kwenye hati ya mauziano: anayeweza kumkwepa jirani kila siku, siku ya msiba atamwita kwa jina gani?

Ibn Khaldun, mwanafikra aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, aliona kwamba mshikamano huota kwa watu wa nyikani wanaoishi kwa shida, na hulegea wakishazoea raha za mjini. Mlimani Meru mpango huo umegeuka juu chini. Raha ndiyo inayopanda mlima, ndani ya magari yenye vioo vyeusi, na shida ndiyo inayoteremka alfajiri kwenda mjini na mikungu ya ndizi. Mshikamano umebaki kwa wanaobanana uani, na kwa wenyeji wa mlima waliokuwapo kabla ya viwanja.

Hao wenyeji ndio wanaosahaulika watu wanapobishana mji au nje ya mji, kana kwamba nje ya mji ni mahali patupu. Wameru walilima upande wa mashariki wa mlima vizazi kwa vizazi, na Waarusha wakaanza kulima miteremko ya kusini-magharibi kwenye miaka ya 1830. Kihamba chao ni migomba, kahawa chini ya migomba, ng'ombe wa ndani, mfereji wa maji, na makaburi ya wazee. Mzee anayezikwa mgombani anaendelea kuwa mmoja wa wenye mahali hapo. Wakati wa ukoloni mashamba ya walowezi yaliuzunguka mlima, nao watu wakabanwa katikati. Mwaka 1951 serikali ya Waingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao elfu tatu kutoka Ngarenanyuki ili kuwapisha wafugaji wa Kizungu. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet, akisaidiwa na wakili Earle Seaton kutoka Bermuda, alifika Umoja wa Mataifa, New York, kudai ardhi hiyo. Wakati huo ardhi haikurudi, lakini safari yake iliamsha siasa za kudai uhuru Tanganyika nzima.

Nyerere naye alipoandika juu ya Ujamaa mwaka 1962 alikataa katakata ardhi kuwa bidhaa: mtu ana haki ya kuitumia, hana haki ya kuilangua. Sheria za ardhi za mwaka 1999 bado zinasema ardhi yote ni ya umma, na Rais ni mdhamini. Huku Moshono na Usa River, vibao vya "kiwanja kinauzwa" havijasikia habari hiyo.

Lakini muuzaji naye asikilizwe. Kihamba kilichogawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, hufika mahali hakilishi mtu. Baba anakata kipande cha ishirini kwa ishirini ili alipe ada, na hakuna mwanafalsafa aliyejitolea kumlipia. Kumwita mnunuzi mporaji ni kumdharau aliyeuza kwa akili zake timamu. Swali linalobaki ni nini kinachonunuliwa pale, kwa kuwa fedha ya kiwanja haimpi mtu kwao.

Wakenya walilipeleka suala hili mahakamani. Wakili S. M. Otieno, mkazi wa Nairobi, alifariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika Upper Matasia, karibu na Ngong, kwenye shamba lao nje kidogo ya jiji. Ukoo wa marehemu, Umira Kager, ukadai azikwe Nyalgunga, Siaya. Mwaka 1987 Mahakama ya Rufani iliupa ukoo ushindi, baada ya mabishano kama Mjaluo wa mjini anaweza kuwa na kwao pengine zaidi ya kwa baba zake. Uamuzi huo ulimwonea Wambui, maana miaka ya ndoa ilihesabiwa chini ya ukoo. Hata hivyo swali lilikuwa la haki: ni watu gani wanaokufanya uwe wa mahali?

Tengeru, jibu laweza kuanzia kwenye mambo madogo. Mfereji unapita wapi, na siku ya kuusafisha ni lini? Kuna kaburi katika kiwanja, na wenyewe wataruhusiwa kuja? Maji ya kisima cha hapo yana floraidi, kama yalivyo mengi ya Meru yanayogeuza meno kuwa ya kahawia? Na kama mgeni ana fedha za kuyasafisha, anasafisha ya nyumba yake peke yake? Sheria ya Ardhi ya Vijiji imekwisha kufungua mlango wa mazungumzo hayo, kwa kuwa halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Wengi humwachia dalali akusanye sahihi na mihuri. Anayehama Kaloleni angefanya vyema aende mwenyewe kwenye mkutano unaofuata, akae kwenye benchi na wengine, na zamu ya mfereji ikigawanywa, naye ajiandikishe.