Mke Azaaye Mabinti Watupu: Lawama Ni ya Nani?

Miongoni mwa dhulma zilizozoeleka majumbani hata zikawa hazionekani tena kuwa ni dhulma, ni mume kumkunjia uso mkewe kwa kuwa amezaa binti wa tatu au wa nne. Jamaa huja wakatoa pole mahali pa hongera, na mke hunyweshwa makombe na mizizi ili mara nyengine alete mwana mume, hali ya kuwa mume hapewi hata kijiko kimoja. Wako wafikao kutoa talaka. Basi yafaa iulizwe: je, mashitaka haya yana msingi katika maumbile? Na kama yangekuwa nao, yangekuwa haki?

Ama maumbile, khabari yake imekwisha kubainika. Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa chembe ndogo mno, na ndani ya takriban kila chembe mna nyuzi 46, ziitwazo kromosomu, zichukuazo urithi wa mtu: nusu zimetoka kwa baba na nusu kwa mama. Chembe za uzazi peke yake ndizo zigawanyikazo hata zikabaki na nyuzi 23 tu; kwani lau yai lingalileta 46 na mbegu 46, mtoto angalikuwa na 92, na hesabu ingezidi kwa kila kizazi.

Katika jozi hizo 23, moja ndiyo ipambanuayo mume na mke. Mwanamke ana nyuzi mbili za namna moja, X na X. Mwanamume ana mbili zisizofanana, X na Y. Kwa hivyo yai la mke halina la kuchukua ila X. Lakini mbegu za mume, kadiri ya nusu yake huchukua X, na nusu Y. Ikiingia yaini mbegu ya X, mtoto huwa wa kike. Ikiingia ya Y, huwa wa kiume. Mwaka 1905 jambo hili lilibainishwa na Bibi Nettie Stevens wa Marekani, alipochungua mbegu za mdudu wa unga, kisha ikajulikana kuwa mwanadamu naye ni vivyo hivyo. Basi amwachaye mkewe kwa sababu hiyo akaoa mwengine, amehama shamba, na mbegu amekwenda nayo.

Hapo huenda mke akasema: kumbe kosa ni la mume! Wala hilo si kweli. Mwili wa mwanamume, tangu kubaleghe kwake, hufanya mbegu mamilioni mengi kila siku. Katika tendo moja hutoka mamilioni kwa mamilioni. Zifikazo katika mrija lilimo yai huwa chache mno, na moja tu ndiyo iingiayo, na papo hapo ngozi ya yai hubadilika hata ya pili isipate njia. Ni mume gani aliyeituma hii akaizuia ile? Na kwa upande wa mke ajabu ni kubwa zaidi. Mayai yake huumbwa kabla hajazaliwa, naye angali tumboni mwa mamake. Huzaliwa nayo kadiri ya milioni moja au mbili, na katika umri wake wote hupevuka kama 400 au 500 tu. Yai alilotokana nalo binti yule anayechukiwa lilikuwa limekwisha kuanza kuumbwa, na mume hajamjua mke hata kwa jina.

Lawama humfuata mtu katika alilolichagua. Aliyelala haandikiwi dhambi kwa alilolitenda usingizini, kwa kuwa hana hiari. Sembuse jambo litendekalo ndani ya mwili, lisilosikika wala kuonekana. Hata lau yai ndilo lingalikuwa na alama ya mume na mke, mume asingalikuwa na haki ya kushitaki. Ilimu hii imewaondolea wenye kulaumu udhuru wao tu. Dhulma ilikuwa dhulma kabla ya kioo cha kukuzia vitu kubuniwa. Waarabu wa Jahiliya waliokuwa wakiwazika mabinti zao hawakujua X wala Y, na Surat An-Nahl haikuwapa udhuru. Na katika Surat Ash-Shura watoto wametajwa kuwa ni kipawa cha Mwenyezi Mungu, na wa kike wakatangulizwa kutajwa.

Al-Jahiz wa Basra, aliyeishi zaidi ya miaka elfu iliyopita, amesimulia katika kitabu chake Al-Bayan wa Al-Tabyin khabari ya bedui mmoja, Abu Hamza, aliyelihama hema la mkewe kwa kuwa amezaa binti, akawa analala kwa jirani. Siku moja alipita karibu akamsikia mkewe akimchezesha mtoto kwa mashairi, akisikitika kuwa Abu Hamza haji kwao, na kwamba wanawake ni kama ardhi, hutoa kilichopandwa. Abu Hamza akaingia ndani, akabusu kichwa cha mkewe na cha binti yake.