Akili Unde na Dhamana ya Mtawala

Akili unde, yaani mifumo ya kompyuta inayojifunza kutokana na data na kutoa makisio au maamuzi, huibua swali la kifalsafa: je, dhamana yaweza kukabidhiwa kitu kisicho na dhamiri? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 humruhusu mwananchi kutaka uamuzi uliotolewa na mashine pekee uangaliwe upya, lakini haki hiyo hubaki maandishi matupu iwapo diwani wa Busunzu, wilayani Kibondo, hajafunzwa kuhoji kama mfumo wa ushauri wa kilimo unamwelewa mkulima anayeeleza ugonjwa wa muhogo kwa Kiha. Mafunzo ya watunga sera, basi, yaanzie kwenye uwajibikaji, kwani anayetia saini ndiye anayepaswa kujibu.